Mwili, Nyama na Roho: Maana ya Mwili katika Fikra za Magharibi na Umistiki wa Kikristo

1. Utangulizi

Katika mijadala yetu ya fasihi na falsafa iko kauli moja ambayo imezoeleka mno hata haiulizwi tena. Husemwa kwamba utamaduni wa Magharibi umeutenga mwili na roho, ukaitukuza roho na kuudharau mwili, na kwamba Ukristo ndio ulioieneza dharau hiyo duniani. Kauli hii hutumiwa kama kipimo. Kwayo mwanafunzi huzigawa kazi za Ulaya na za Afrika katika makundi mawili, na kwayo mhubiri na mpinzani wake hukubaliana bila ya kujua, kwani mmoja huisifu dharau hiyo na mwingine huilaani, ila wote wawili huamini kwamba ndivyo Maandiko yanavyosema.

Madhumuni ya makala hii ni kuipima kauli hiyo. Tutajaribu kuonyesha kwamba imechanganya mambo matatu yaliyo mbalimbali: tofauti aliyoiweka Plato kati ya mwili na roho, tofauti aliyoiweka Mtume Paulo kati ya nyama na Roho, na tofauti aliyoiweka Descartes kati ya kitu kinachofikiri na kitu kinachochukua nafasi. Wamistiki wa Kikristo, ambao aghalabu hudhaniwa kuwa ndio maadui wakubwa wa mwili, waliufanya mwili kuwa mahali pa kumjulia Mungu. Aidha, tutadai kwamba sisi tutumiao Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kulichunguza jambo hili, maana neno letu "mwili" limebebeshwa mizigo miwili ambayo lugha nyingine zimeigawa.

Kwanza yafaa tulieleze neno "umistiki". Asili yake ni kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kufumba, yaani kufumba macho au midomo. Msemaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa, kwa kuwa katika lugha yake pia "fumbo" limetokana na "fumba". Mmistiki ni mtu anayetafuta kumjua Mungu kwa kuonja wala si kwa kusikia habari zake tu, na anaporudi kutueleza aliyoyaonja hulazimika kusema kwa mafumbo. Swali letu ni hili: mafumbo hayo ameyatoa wapi? Jibu, kama tutakavyoona, ni kwamba ameyatoa mwilini.

2. Maneno ya Kigiriki na ya Kiebrania

Plato, aliyeishi Athens katika karne ya 5 na ya 4 kabla ya Kristo, anatueleza katika mazungumzo yake yaitwayo Phaidon kwamba roho ya mwanafalsafa hutamani kufunguliwa kutoka mwilini kama mfungwa atamanivyo kutoka kifungoni. Mahali pengine anataja mchezo wa maneno: katika Kigiriki, sōma, yaani mwili, hukaribiana sana na sēma, yaani kaburi. Hapa ndipo kwenye chemchemi ya dharau inayosemwa. Tukumbuke kwamba chemchemi hii ni ya kale kuliko Ukristo kwa zaidi ya miaka mia tatu.

Kiebrania cha Agano la Kale kina mpangilio mwingine. Basar ni nyama, ile ya kuliwa na hii ya mtu pia. Kwa kupanuka, ni mwanadamu mzima anapotazamwa katika unyonge wake na kufa kwake. Nefesh ni koo, pumzi, uhai, na kisha mtu mwenyewe. Ruach ni upepo na roho. Mwanaisimu wa Kiswahili atatambua mara moja ndugu zake, kwa kuwa nefesh na ruach ni maneno ya ukoo mmoja na yale ya Kiarabu yaliyotupatia "nafsi" na "roho". Hata uhusiano wa uhai na koo haukupotea: kumkaba mtu roho, katika Kiswahili cha pwani, ni kumshika koo. Katika mpangilio huu hakuna roho iliyofungwa ndani ya mwili. Yuko mtu mmoja ambaye mara huitwa nyama, mara huitwa pumzi, kulingana na upande anaotazamwa.

Paulo alikuwa Myahudi aliyeandika kwa Kigiriki, katikati ya karne ya 1. Alikuwa na maneno mawili mkononi: sōma, mwili, na sarx, nyama, ambalo wafasiri wa Agano la Kale waliomtangulia walikuwa wamelitumia sana kwa basar. Hakuyatumia kiholela. Anapotaja kile kinachopingana na Roho, husema sarx. Anapotaja hekalu la Roho, au kile kitakachofufuliwa, husema sōma. Tena anathubutu kusema juu ya mwili ulio wa roho, jambo ambalo kwa mfuasi wa Plato lingekuwa kama kusema juu ya kifungo kilicho huru.

Tukitaka kuhakikisha kwamba sarx ya Paulo si mwili wa mifupa na damu tu, tutazame orodha ya matendo yake katika Waraka kwa Wagalatia, sura ya 5. Uasherati na ulevi umo. Lakini zaidi ya nusu ya orodha ni uadui, ugomvi, wivu, hasira, fitina, faraka na husuda. Haya ni maovu ambayo mtu aweza kuyafanya akiwa ameketi kimya, tumbo tupu, mikono juu ya magoti. Augustine, aliyekuwa askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, na ambaye katika ujana wake alikuwa amewafuata Wamani walioamini kwamba maada ni uovu, aliliona jambo hili waziwazi. Katika kitabu cha 14 cha Mji wa Mungu anatoa hoja isiyojibika: shetani hana nyama wala damu, lakini ana kiburi na husuda kupita wote. Basi kuishi kwa kufuata nyama ni kuishi kwa kujifuata nafsi yako mwenyewe, na mwili wala si mwanzilishi wa kosa hilo.

3. Dharau iliyokataliwa na dharau iliyobaki

Tusije tukaeleweka kwamba dharau haikuwako. Ilikuwako, na ilipiganiwa. Karibu na mwaka 180 Irenaeus, askofu wa Lyon katika nchi ya Ufaransa ya leo, aliandika kitabu kikubwa dhidi ya watu waliofundisha kwamba ulimwengu wa maada si kazi ya Mungu wa kweli. Kwake, aliyeumba udongo na aliyeukomboa ni mmoja. Karne moja baada ya nyingine Kanisa lilishikilia kwamba Neno lilitwaa nyama na kwamba wafu watafufuka na miili yao, mafundisho ambayo wasomi wa Kigiriki waliyaona kuwa ya kuchekesha.

Hata hivyo, kukataa fundisho si kukomesha desturi. Wakaao jangwani wa Misri, na watawa waliowafuata, waliutesa mwili kwa njaa na kukesha. Mjerumani Henry Suso, wa karne ya 14, anasimuliwa katika maisha yake kuwa alibeba mgongoni msalaba wenye misumari, kwa miaka mingi. Msomaji wa leo hushtuka, na ana haki ya kushtuka. Lakini asome hadi mwisho: alipokaribia miaka arubaini, Suso aliyaacha yote hayo na kuvitupa vyombo vyake majini, kwa kutambua kwamba huo ulikuwa mwanzo tu na kwamba shule ya kweli ilikuwa kuvumilia yale ambayo mtu hakujichagulia. Naye Francis wa Assisi, aliyekuwa akiuita mwili wake "Ndugu Punda", anasimuliwa na wenzake kuwa alipokaribia kufa, mwaka 1226, aliungama kwamba alikuwa amemkosea sana ndugu yake mwili. Mtu haombi radhi kwa kitu anachokidharau.

4. Mwili kama lugha ya wamistiki

Katika karne ya 3 Origen wa Alexandria alifundisha kwamba roho ina hisi tano zinazolingana na hisi za mwili: inaona, inasikia, inanusa, inaonja na kugusa. Kwa fundisho hilo alitia mkononi mwa wamistiki kamusi nzima. Tangu hapo, aliyetaka kusema juu ya Mungu alisema juu ya utamu, harufu, busu na jeraha. Bernard wa Clairvaux (1090–1153) aliandika hotuba 86 juu ya Wimbo Ulio Bora, shairi la mapenzi ya mwanamume na mwanamke, na alipofariki alikuwa amefika mwanzo wa sura ya tatu tu. Bernard huyohuyo, katika maandishi yake juu ya kumpenda Mungu, anaueleza mwili kuwa mwenzi mwaminifu wa roho njema, akadai kwamba roho za watakatifu mbinguni bado hazijakamilika katika furaha yao kwa sababu zinaingoja miili yao. Roho inayoukumbuka mwili wake na kuungoja: hapa tumefika mbali na Plato.

Katika karne ya 13 jambo hili lilipata nguvu zaidi. Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, ulilithibitisha fundisho la kugeuzwa kwa mkate na divai, na mwaka 1264 Papa Urban wa Nne akaiweka sikukuu ya Mwili wa Kristo. Thomas Aquinas, kwa upande wa falsafa, alimfuata Aristotle na kusema kwamba roho ndiyo umbo la mwili. Wala hakusita kusema kwamba roho yake peke yake siyo yeye. Kwa mtu wa wakati huo, basi, kumpokea Mungu kulikuwa ni kula.

Ndiyo maana tunawakuta wanawake wengi, kama vile Catherine wa Siena (1347–1380), ambao maisha yao yote yalizunguka chakula: walifunga, waliwalisha maskini, na walitamani ekaristi kwa njaa iliyo karibu na njaa ya kweli. Wataalamu wamegawanyika juu yao. Rudolph Bell, mwaka 1985, aliona katika mifungo hiyo mapambano ya wasichana dhidi ya mamlaka ya baba na ya mapadre. Caroline Walker Bynum, mwaka 1987, alijibu kwamba kuita desturi hiyo chuki ya mwili ni kuisoma kwa macho ya wakati wetu. Wanawake hao waliambiwa kwamba wao ni nyama na wanaume ni roho, nao wakalichukua neno hilo na kuligeuza, kwa kuwa Mungu naye alikuwa amefanyika nyama. Hoja ya Bynum inatuelekea zaidi, ingawa haiwezi kutufanya tusahau kwamba Catherine alikufa na miaka 33, mwili wake umekwisha.

Mfano ulio bora kwa wasomi wa lugha ni ule wa Julian wa Norwich, Uingereza. Mwezi Mei mwaka 1373, akiwa na umri wa miaka thelathini na nusu na akidhaniwa kuwa anakufa, aliona mfululizo wa maono ya mateso ya Kristo. Aliyaandika mara mbili, kwa ufupi na kwa urefu, na kitabu chake ndicho cha kwanza kijulikanacho kuandikwa na mwanamke katika Kiingereza. Julian anafundisha kwamba mtu ana sehemu mbili, kiini na hisia, na kwamba Mungu hakai katika kiini tu. Makao yake yamo katika hisia vilevile, tangu roho ilipopuliziwa mwilini.

Katika sura ya 6 ya maandishi marefu kuna kifungu ambacho kimo katika nakala ya Paris lakini hakimo katika nakala mbili za mkusanyo wa Sloane zilizoko London. Julian anaeleza jinsi mtu atembeavyo wima huku chakula chake kimefungwa ndani yake kama katika mfuko mzuri; wakati wa haja mfuko hufunguka, kisha hufungika tena kwa adabu. Anasema kwamba ni Mungu mwenyewe atendaye kazi hiyo, wala haoni haya kutuhudumia katika haja iliyo ya chini kabisa. Neno lenye utata hapo ni soule. Msomaji wa haraka atalisoma "roho", na kifungu kitampotea. Wahariri wa karne ya 20 walionyesha kwamba ni neno jingine, litokanalo na Kiingereza cha kale sufol, yaani kitu cha kulia mkate. Mzungumzaji wa Kiingereza cha leo hana neno moja la kulifasiri. Sisi tunalo, nalo ni "kitoweo". Kwa hiyo mwanamke anayehesabiwa miongoni mwa wamistiki wakuu wa Ulaya alikiona choo kuwa ni mahali pa neema. Kuwako kwa kifungu hiki katika nakala moja na kukosekana kwake katika nyingine kwaweza kuwa ni ajali ya wanakili, lakini kwatukumbusha kwamba picha tuliyo nayo ya zama hizo imepita katika mikono ya watu.

Hatuwezi kumwacha Teresa wa Ávila (1515–1582). Wako walimu wa sala waliomwambia kwamba mtu akiendelea mbele sharti auache hata ubinadamu wa Kristo, kwa kuwa ni kitu cha mwili. Alijaribu, akajuta. Katika sura ya 22 ya Maisha yake anawapinga waziwazi: sisi si malaika, tuna miili, na kutaka kuwa malaika tungali duniani ni upumbavu. Na anaposimulia jinsi moyo wake ulivyochomwa na malaika, anasema kwamba maumivu yale yalikuwa ya roho, ingawa mwili nao haukukosa fungu lake, tena fungu kubwa.

5. Descartes na mwili ulio kitu

Ikiwa ndivyo, ule mgawanyo mkali tuujuao umetoka wapi? Kwa maoni yetu umetoka hasa katika karne ya 16 na ya 17. Mwaka 1543 Vesalius alichapisha kitabu chake cha viungo vya mwili wa binadamu, kilichotokana na kupasua maiti. Mwaka 1641 Descartes alichapisha Tafakuri zake, akaugawa ulimwengu katika vitu viwili: kinachofikiri, na kinachochukua nafasi. Mwili ukawa mashine. Yapasa tumtendee haki Descartes, kwani katika Tafakuri ya sita alikanusha kwamba mtu yumo mwilini kama nahodha alivyo chomboni. Lakini waliomfuata walichukua mashine na kumwacha nahodha.

Tofauti kati ya mgawanyo huu na ule wa kale ni kubwa. Plato aliuogopa mwili kwa sababu una nguvu. Mtawa alipigana nao kama mtu apiganavyo na ndugu. Descartes hana ugomvi nao hata kidogo. Kwake umekuwa kitu, na kitu hakipendwi wala hakichukiwi, hupimwa tu. Falsafa ya karne ya 20 ilipotaka kurudi nyuma, ilirudi kwa njia ya maneno. Wajerumani walitenga Körper, mwili ulio kitu kama vitu vingine, na Leib, mwili uishio, neno lililo na undugu na lile la uhai. Mfaransa Merleau-Ponty, mwaka 1945, alieleza kwamba mwili wangu ndiyo njia yangu ya kuwamo duniani, na katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1964, baada ya kifo chake, alilichagua neno chair, nyama, kuwa nguzo ya falsafa yake. Neno la kale la makanisani lilirudi kwa mlango wa nyuma.

6. Mwili katika Kiswahili

Sasa tutazame lugha yetu. "Mwili" ni neno la Kibantu, ndugu wa mwĩrĩ la Gĩkũyũ na omubiri la Luganda. "Nyama" pia ni la Kibantu. "Nafsi" na "roho" zimetoka katika Kiarabu. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya muungano, iliyokamilika mwaka 1952, walikuwa na njia ya kuzitenga sōma na sarx, lakini kwa sehemu kubwa hawakuitumia: zote mbili ziliitwa "mwili". Ni mahali pachache tu, kama katika 1 Wakorintho sura ya 15, ambapo neno "nyama" limeachiwa nafasi yake. Hatuwalaumu. "Nyama" katika sikio la Mswahili hunukia jiko na bucha, na mfasiri alikuwa na haki ya kuona haya. Lakini haya hiyo ilikuwa na gharama. Msomaji wa Kiswahili huambiwa mahali pamoja kwamba mwili ni hekalu la Roho, na mahali pengine kwamba mwili hushindana na Roho, naye hana alama yoyote ya kumwonyesha kwamba maneno ya asili ni mawili. Atafanya nini ila kuamini kwamba ngozi na mifupa yake ndiyo adui?

Hapa si suala la vitabu tu. Mgonjwa anayeambiwa auvumilie mwili wake kwa kuwa si kitu, na binti anayefundishwa kwamba mwili wake ndio dhambi yenyewe, wote wamefikiwa na kosa la tafsiri. Nasi katika vyumba vya mihadhara tunaposema kwamba hayo ndiyo mawazo ya Magharibi, tunalipa kosa hilo cheo cha elimu.

Tujihadhari, hata hivyo, na kosa la upande wa pili. Yaweza kudaiwa kwamba Kiswahili kina hekima ya pekee, kwa kuwa "nina mwili" kwa asili ya kisarufi ni "mimi ni pamoja na mwili", jambo linalofanana na mwenzi wa Bernard. Ulinganisho huo wapendeza, lakini kwa sarufi hiyohiyo twasema "nina deni" na "nina njaa". Muundo wa sentensi hauthibitishi falsafa ya taifa.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba Magharibi hakukuwa na fikra moja juu ya mwili, bali mabishano yasiyokwisha, na kwamba ndani ya mabishano hayo wamistiki walisimama mara nyingi upande wa mwili kuliko inavyodhaniwa. Tunapendekeza mambo mawili. La kwanza, mwalimu asiruhusu kauli ya "Magharibi huudharau mwili" ipite bila ya kuuliza: ni Magharibi ya nani, na kwa neno gani? La pili, atakayetafsiri maandishi ya wamistiki kwa Kiswahili, kazi ambayo bado yatungoja, asiogope kuandika "nyama" panapostahili nyama na "mwili" panapostahili mwili, na kuongeza maelezo chini ya ukurasa. Julian hakuona haya kumtaja Mungu karibu na kitoweo. Mfasiri wake naye asione haya.